Barua ya wazi: Msitupe bakteria wa chakula chetu kabla ya kujua ni wa aina gani

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam. Na Wakurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam na manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni.

YAH: OMBI LA BENCHI MOJA LA KUTAMBUA AINA ZA BAKTERIA WANAOPATIKANA KWENYE CHAKULA

Waheshimiwa, salaam.

Mimi ni mteknolojia wa maabara hapa Dar es Salaam. Kazi yangu ya kila siku ni kuotesha bakteria kutoka kwenye vyakula: nyama, maziwa, samaki, juisi ya miwa, wali uliolala, kachumbari. Nawaandikia hadharani kwa sababu ninachokiomba hakimo ndani ya uwezo wa ofisi moja. Kinagusa ofisi zenu zote, na barua ikienda kwa mmoja wenu peke yake itarudi na jibu kwamba suala hilo liko kwa mwenzake.

Ombi lenyewe ni hili. Maabara yoyote ya jiji hili ikimwotesha Salmonella, E. coli mwenye sumu au kipindupindu, iwe kutoka kwenye chakula au kwa mgonjwa, isimtupe. Imhifadhi na impeleke mahali pamoja palipokubaliwa, na mahali hapo pawe na benchi, yaani meza ya kazi ya maabara, linalotumia njia za bei nafuu kutambua aina yake. Siombi jengo jipya. Siombi mashine ya mabilioni. Karibu kila kinachohitajika kiko mjini tayari, ila kimetawanyika Mabibo, Upanga, Temeke na Ubungo, na hakuna aliyeagizwa kukikutanisha.

Cheti kinachotoka maabara nyingi leo kinasema: Salmonella, imeonekana katika gramu 25. Basi. Kwa kiwango hilo linatosha, maana chakula kilicho tayari kuliwa hakitakiwi kuwa na Salmonella hata mmoja katika gramu hizo, na bwana afya amepata karatasi ya kufungia biashara. Lakini Salmonella wako wa aina nyingi mno. Kwa mpangilio wa Kauffmann na White, ambao maabara za dunia nzima zinautumia, zimeshatambuliwa aina zaidi ya 2,500. Typhi anaishi kwa binadamu peke yake na ndiye anayeleta homa ya matumbo. Akionekana kwenye chakula, maana yake kinyesi cha mtu kimefika pale, kwa mikono au kwa maji. Enteritidis anahusishwa zaidi na kuku na mayai. Typhimurium anazunguka kwa kuku, ng'ombe, nguruwe, hata panya wa stoo. Ukijua aina, umeshapata pa kuanzia kutafuta: kwenye choo na kisima, au kwenye banda la kuku na kreti za mayai. Ukiishia kwenye jina la Salmonella, unabaki njia panda.

Kwa E. coli hali ni mbaya zaidi. Kila mmoja wetu anao tumboni na wengi wao hawana neno. Wanaotisha ni wachache, hasa wale wenye jeni za sumu ya Shiga, stx1 na stx2, wanaoweza kuharibu figo za mtoto ndani ya siku chache tu baada ya kuharisha damu. Cheti kinachotaja idadi ya E. coli kwa gramu kinatuambia usafi ulikosekana. Hakituambii kama kwenye hiyo idadi kuna muuaji.

Kuna mama mmoja anapika karibu na kituo cha daladala Buguruni. Mafundi wa gereji wanaokula kwake waliharisha, baadhi yao wakalazwa, na yeye akafungiwa. Akaja kwenye maabara niliyokuwa nafanya kazi wakati huo, na sampuli zake mwenyewe kwenye ndoo ya barafu, akalipa kwa fedha zake. Siku ya nne nikatoa sahani kwenye inkubeta. Sahani ya kuku mbichi, ya agari nyekundu ya XLD (rojo la kuoteshea bakteria), ilikuwa imejaa makoloni, yaani vikundi vya bakteria, mekundu yenye kiini cheusi. Ndivyo Salmonella anavyojionyesha pale, weusi ule unatokana na gesi ya salfa anayoitoa ikikutana na chuma kilichomo kwenye agari. Sahani ya kachumbari ilikuwa na makoloni mawili tu ya namna hiyo. Nikamweleza. Akatulia, kisha akauliza, "Mwanangu, huyu mdudu ni wangu, au nimeuziwa naye?"

Waheshimiwa, hilo ndilo swali la kitaalamu kuliko yote niliyowahi kuulizwa kwenye kaunta ile. Kama Salmonella wa kachumbari na wa kuku ni aina moja, basi tatizo ni kibao na kisu, na dawa yake ni kumfundisha kutenganisha vyombo. Kama wa kwenye kuku ni yule yule aliyetoka kwa wagonjwa, basi muuza kuku anawauzia na mama wengine kumi, na kufunga banda moja hakujazuia kitu. Kama wote ni tofauti, huenda mafundi walikula ugonjwa wao mahali pengine kabisa. Hospitali iliyowapokea wagonjwa ilikuwa imeotesha Salmonella kutoka kwenye kinyesi chao. Tulipopiga simu, sahani zilikuwa zimeshaingia otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Na za kwetu, kwa kufuata utaratibu, ziliingia siku hiyo hiyo. Yule mama alirudi nyumbani bila jibu, na banda lake likabaki na kufuli.

Wakati wa mlipuko wa kipindupindu ulioanzia hapa Dar es Salaam Agosti 2015, ambao mpaka unatulia ulikuwa umepita wagonjwa 20,000 nchi nzima, mama lishe na wauza juisi walikuwa wa kwanza kuondolewa barabarani. Silaumu amri za dharura. Watu wakiwa wanakufa huwezi kukaa ukisubiri majibu ya maabara. Ninachosema ni kwamba amri inayompiga kila mtu ndiyo pekee inayobaki mkononi pale ambapo maabara haiwezi kusema ni nani hasa.

Na hata matajiri wamekosea kwa kuruka hatua hii. Mei 2011, Ujerumani iliingiliwa na E. coli aliyeumiza watu zaidi ya 3,800 na kuua zaidi ya 50. Mamlaka za Hamburg zilipima matango kutoka Hispania, zikakuta E. coli mwenye sumu ya Shiga, zikatangaza. Soko la mboga la Hispania likaporomoka na wakulima wakaachwa na matango yao yakiozea mashambani. Baadaye, aina ilipotambuliwa, ikaonekana E. coli wa matango hakuwa yule wa wagonjwa. Wa wagonjwa alikuwa O104:H4, na njia yake ilifuatiliwa hadi kwenye machipukizi ya mbegu za uwatu, uwatu huu huu tunaotia kwenye pilipili na mchuzi. Matango yalikuwa na E. coli kweli, hayakuwa na hatia ya vifo vile. Kwa mkulima wa mchicha wa bonde la Msimbazi au mvuvi anayeshusha Feri, tofauti hiyo ndiyo riziki yake.

Najua jibu la kwanza litakuwa fedha. Basi tuzungumze fedha, na hapa naomba uvumilivu wenu kwa sababu ndipo kazi yenyewe ilipo.

Seti kamili ya seramu, yaani vimiminika vyenye kinga ambavyo kila kimoja kinagandisha bakteria wenye alama yake, za kutambulisha aina zote za Salmonella ni ghali, inataka jokofu lisilozimika, na chupa zake nyingi zingeisha muda kabla hazijafunguliwa. Lakini hatuhitaji seti kamili. Aina chache ndizo zinazoleta wagonjwa wengi. Ukiwa na seramu za alama za O:4, O:9, Vi, H:d, H:i na H:g,m, unaweza kuwatenga Typhi, Typhimurium na Enteritidis kwa kiwango cha kufanyia kazi: tone kwenye kioo, koloni kidogo, unatikisa, unaangalia kama inaganda. Anayebaki bila jina anawekwa pembeni kwa uchunguzi mkubwa zaidi. Chupa hizo chache, zikikaa benchi moja linalopokea sampuli za mji mzima, zitatumika mpaka tone la mwisho. Zikigawanywa maabara kumi, zitaharibika mara kumi.

Kabla hata ya seramu kuna mirija, inayoonyesha bakteria anakula nini na anatoa nini. Mrija mmoja wa agari ya TSI, ukiandaliwa kwa uangalifu, una mengi ya kusema. Salmonella wengi wanauacha ukiwa mwekundu juu na njano chini, weusi umefunika karibu sehemu yote ya chini, na gesi imeipasua agari. Typhi haupasui, kwa sababu hatoi gesi, na weusi wake ni kidogo sana, mstari mwembamba pale juu na chini zinapokutana. Mteknolojia aliyezoea anamshuku kwa macho asubuhi ya siku ya pili. Ongeza mrija wa urea, wa sitreti, wa laisini na wa indoli, na umeshafanya sehemu kubwa ya kazi inayofanywa na vijisanduku vya plastiki vinavyokuja tayari kutoka Ulaya kwa bei ya juu. Mirija inaoshwa na kutumika tena. Vile vijisanduku vinatupwa.

Kwa kipindupindu, sahani ya agari ya TCBS inatoa makoloni ya njano. Unachukua koloni, kwa usahihi zaidi kutoka agari ya kawaida isiyozuia bakteria wengine, unalikoroga kwenye tone la sodiamu deoksikoleti ya asilimia 0.5, kisha unainua kitanzi taratibu. Akiwa ni Vibrio, jamii ya bakteria wa kipindupindu, tone linavutika kama bamia. Hiyo ni sekunde chache na senti chache. Kisha seramu ya O1, kundi linaloleta milipuko, halafu za matawi yake, Ogawa au Inaba. Kwa E. coli O157:H7, agari ya MacConkey yenye sorbito: wa kawaida wanaila na kuwa waridi, yeye kwa kawaida haili na anabaki bila rangi. Na vile vidonge vya karatasi vyenye antibayotiki, ambavyo hospitali zetu zinavitumia kila siku kuchagua dawa ya mgonjwa, ni kipimo cha aina pia, kisicholipiwa mara ya pili. Bakteria wawili wenye usugu tofauti kabisa ni vigumu kuwa wametoka chanzo kimoja, ingawa usugu unaweza kuhama kutoka kwa bakteria mmoja kwenda kwa mwingine, kwa hiyo sitaki mtu atumie hilo peke yake kumfunga mtu.

Kinachotumaliza kwa kweli ni unga wa kuoteshea. Unakuja kwenye makopo ya gramu 500. Kwa XLD unahitaji gramu 55 hivi kwa lita moja, sahani moja inachukua mililita 20, kwa hiyo kopo moja ni sahani 450 kwa makadirio. Maabara ndogo inayopima sampuli chache kwa mwezi haitazifikia. Kopo likishafunguliwa, unyevu wa Dar es Salaam unaingia, unga unashikana unakuwa jiwe, na fedha imeishia pale. Hali hiyo inaikuta maabara ya pili na ya tatu, kila moja na kopo lake lililoganda kabatini. Tukiwa na jiko moja la kuandaa sahani na mirija kwa maabara zote za mkoa, linalonunua kupitia Bohari ya Dawa pale Keko kwa wingi na kwa ratiba, gharama ya sahani moja itashuka bila kugundua kitu chochote kipya. Na ubora utapanda, kwa sababu kila chungu kitajaribiwa na bakteria wanaojulikana kabla ya kusambazwa. Hili ningeliomba hata kama mengine yote mtayakataa.

Baada ya hapo ndipo vinasaba. Wengi wakisikia kipimo cha PCR, kinachonakili kipande cha vinasaba mara nyingi mpaka kionekane, wanafikiria korona na fedha nyingi. Gharama kubwa iko kwenye vifaa vya kutolea vinasaba vinavyouzwa vikiwa tayari, na kwa bakteria waliokwisha oteshwa hatuvihitaji. Unachukua koloni, unalichanganya na maji safi kwenye kimrija, unachemsha dakika 10, unazungusha kwenye sentrifuji, na maji ya juu yana vinasaba vya kutosha. Praima, vipande vifupi vya vinasaba vinavyoielekeza PCR pa kunakili, zikiagizwa mara moja zinatumika kwa mamia ya sampuli. Kwenye kimrija kimoja unaweza kutafuta stx1, stx2 na eae (jeni ya kujishikiza kwenye utumbo) kwa pamoja, na siku hiyo hiyo ukajua kama E. coli wa kwenye maziwa ni wa kawaida au ni wa kukimbizana naye. Jeni ya invA inathibitisha Salmonella, ctxA inaonyesha kipindupindu mwenye sumu. Kwa Wajerumani niliowataja, maabara ya Münster ilimtambua O104:H4 kwa PCR ya namna hii hii ya jeni kadhaa kwa pamoja.

Kwa swali la yule mama, yaani kama huyu na yule ni mmoja, ipo njia iitwayo ERIC, ambayo praima zake mbili zilichapishwa mwaka 1991. Kwenye vinasaba vya bakteria kuna vipande vinavyojirudia, vimetapakaa hapa na pale. Umbali kati ya kipande na kipande unatofautiana kati ya ukoo na ukoo. PCR inanakili zile nafasi za katikati, ukizipitisha kwenye jeli, inayotenganisha vipande kwa urefu wake, unapata mistari, na mistari ya bakteria wa ukoo mmoja inafanana. Praima mbili, mashine ya kawaida ya PCR, jeli na taa. Ina udhaifu wake na ni wajibu wangu kuutaja: mistari hubadilika kidogo mashine ikibadilika au kimeng'enya kikitoka kiwanda kingine, kwa hiyo jeli ya Temeke ya mwezi uliopita hailinganishwi na ya Upanga ya leo. Inabidi sampuli zote zinazolinganishwa ziende siku moja, kwenye jeli moja, pamoja na bakteria wa kumbukumbu. Ndiyo maana nimesema benchi moja, na ndiyo maana nimeanza na kuhifadhi. Huwezi kumweka kwenye jeli moja na wengine bakteria uliyemchoma wiki iliyopita.

Marekani walianza mtandao wao wa kulinganisha mistari ya jeli mwaka 1996, baada ya hambaga zenye E. coli O157:H7 kuua watoto wanne mwaka 1993. Njia yao ya jeli ilikuwa nzito kuliko ERIC, lakini mantiki ni ile ile, na waliitumia kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kuhamia rasmi kwenye kusoma jenomu nzima, yaani vinasaba vyote vya bakteria, mwaka 2019. Nasikia mara nyingi kwenye semina kwamba sisi turuke moja kwa moja kwenye jenomu. Sipingi jenomu. Afrika Kusini, mwaka 2017 na 2018, bakteria aitwaye Listeria aliyewaumiza watu zaidi ya 1,000 na kuua zaidi ya 200 alifuatiliwa kwa jenomu hadi kwenye kiwanda cha poloni, aina ya soseji nene, na bila hivyo huenda asingepatikana. Lakini maabara yao ilikuwa na bakteria wa wagonjwa hao mkononi, wamehifadhiwa. Sisi tukiletewa mashine hiyo kesho asubuhi tungeiwekea nini? Njia nafuu zitachuja mia na kubakiza watano, na hao watano ndio watasomwa jenomu, hapa nchini au kwa washirika.

Kuhifadhi kwenyewe si gharama. Friza ya nyuzi hasi 80 ni nzuri, na zipo mjini, zimejaa sampuli za tafiti ambazo wenyewe wameshahitimu. Lakini hata bila friza kuna agari ya Dorset, inayotengenezwa kwa mayai ya kuku wa kawaida yaliyochanganywa na maji ya chumvi na kugandishwa kwa mvuke ndani ya vichupa vyenye kifuniko cha kukaza. Salmonella na E. coli wanakaa humo gizani, kwenye joto la chumba, kwa muda mrefu bila kufa, umeme ukikatika hawajui. Trei ya mayai inatoa vichupa vingi. Kinachotakiwa zaidi ni daftari: tarehe, chakula gani, soko gani, mgonjwa wa wilaya gani, bila majina ya watu.

Kuna jambo moja linaloniuma nikilifikiria. Mwaka 1997 Hispania na Italia zilipokuta Salmonella kwenye sangara wa Ziwa Victoria, na Ulaya ikafunga milango tena kwa hofu ya kipindupindu, nchi hii haikusema hakuna fedha. Viwanda vilirekebishwa, wakaguzi wakafundishwa, na leo pale Nyegezi, Mwanza, kuna maabara ya taifa ya ubora wa samaki. Najivunia wenzangu wa Nyegezi. Lakini samaki anayekaangwa Feri jioni na kuliwa na mtoto wa Mbagala anastahili kuulizwa maswali yale yale inayoulizwa minofu inayopanda ndege. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilikadiria kwamba chakula kisicho salama kinaua watu 420,000 duniani kwa mwaka, 125,000 kati yao wakiwa watoto chini ya miaka 5, na kwamba Afrika ndiyo inayobeba mzigo mkubwa kuliko wote kwa kulinganisha na idadi ya watu wake.

Niseme pia, kwa kuwa Mganga Mkuu wa Mkoa anasoma: kipimo cha Widal, kinachowapa wakazi wa jiji hili majibu ya "una taifodi" kila kona, ni cha mwaka 1896 na kinaangalia kinga kwenye damu. Hakimwoni bakteria, hakimtaji aina, na aliyewahi kuugua zamani anaweza kuonekana mgonjwa leo. Watu wanameza antibayotiki kwa karatasi ile, na usugu unaongezeka. Kadi za afya za wapishi nazo, mara nyingi choo kinaangaliwa kwa hadubini tu. Hadubini itaona minyoo na amiba. Haitamtambua mpishi anayebeba Typhi bila kuumwa. Kama mpishi analipishwa kipimo, basi kiwe cha kuotesha, na akipatikana bakteria aje kwenye benchi hili.

Sasa nani afanye nini. TBS, tangu mwaka 2019 mlipokabidhiwa usimamizi wa chakula kutoka iliyokuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa), ninyi ndio wenye sauti kwa maabara za vyakula, za umma na za binafsi. Andikeni waraka: koloni lililothibitishwa halitupwi, linapelekwa ndani ya siku saba. Mheshimiwa Waziri, waraka kama huo uende kwa hospitali na vituo vya afya, na Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii pale Mabibo ipewe jukumu la kupokea na kuhifadhi. Kwa maoni yangu ndiyo inayofaa kuwa na benchi, kwa sababu ina watu na mashine za PCR. Wakala wa Maabara ya Veterinari pale Temeke waletwe mezani kuanzia siku ya kwanza, maana wao ndio wanaoijua mifugo na machinjio ya Vingunguti, na Dawati la Afya Moja chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu liliundwa kwa ajili ya kukutanisha watu wa namna hii. Chuo cha Muhimbili kina wanafunzi kila mwaka wanaotafuta mada za utafiti. Wapeni mistari ya ERIC waisome, chini ya wasimamizi. Wakurugenzi wa manispaa, kazi yenu ni ndogo kwa fedha na kubwa kwa watu: bwana afya akichukua sampuli afungashe kwenye barafu, aandike imetoka kwa muuzaji gani wa jumla, na mwenye banda apewe nakala ya majibu yote, pamoja na aina.

Na vibali vya kuingiza vitendanishi viharakishwe. Seramu inayotakiwa kukaa nyuzi 2 hadi 8 ikisota uwanja wa ndege wiki mbili ikisubiri mhuri, imekufa kabla haijafika kwangu, na bei yake imeshalipwa.

Masika yanaanza Machi, na maji ya mafuriko yakishachanganyika na vyoo vya Jangwani, Vingunguti na Tandale, simu za kuharisha zitaanza kuingia. Kabla ya hapo naomba mambo mawili tu yatoke kwa maandishi: jina la maabara itakayopokea bakteria wetu, na tarehe ya kuanza kuwapeleka. Wateknolojia wa maabara za jiji hili tunajua kuandaa agari ya Dorset. Vichupa vya kwanza tutaviandaa wenyewe.

Wenu katika kazi,

Mteknolojia wa maabara,
Dar es Salaam